Bango la Incheon: uchambuzi wa safari ya misheni iliyoishia Ghazni

Kuna picha moja iliyozagaa sana Korea Kusini mwishoni mwa Julai 2007. Kikundi cha vijana wa kanisa kimesimama kwenye uwanja wa ndege wa Incheon, wamesogeleana ili wote waenee. Wanatabasamu. Baadhi wameinua vidole viwili, ile ishara ambayo vijana wa Asia Mashariki huitoa wakiona kamera tu. Kando yao lipo bango la serikali linalowasihi raia wasiende Afghanistan. Na Afghanistan ndiko walikokuwa wakielekea.

Ninapoalikwa kukaa na kamati ya kanisa inayopanga kupeleka vijana nje ya nchi, picha hiyo ndiyo ninayoanza nayo. Kuna anayeguna, kuna anayetikisa kichwa, na hakosekani mmoja wa kusema, "Hawa walijitakia." Mimi siamini walijitakia. Kisa hiki nimekirudia miaka mingi, na kadiri ninavyokirudia ndivyo ninavyoona sura zetu wenyewe ndani yake: watu wa sala, nia safi, fulana za safari zimeshachapishwa, na hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kusema safari haiendi.

Kwanza habari yenyewe, maana wengi wanaikumbuka nusunusu.

Kanisa la Saemmul ni la Kipresbiteri, liko Bundang katika mji wa Seongnam, kusini mwa Seoul. Tarehe 13 Julai 2007 waumini wake 20 waliondoka wakiongozwa na Mchungaji Bae Hyung-kyu, aliyekuwa akiwahudumia vijana wa kanisa hilo. Huko Afghanistan waliungana na Wakorea wengine 3 waliokuwa wakiishi nchini humo, waliokuwa wawaongoze na kuwatafsiria. Jumla yao ikawa 23: wanawake 16 na wanaume 7, wengi wao wakiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu. Ndani ya kundi walikuwamo wauguzi. Ilikuwa safari ya siku kumi hivi: kaskazini kwanza, Mazar-i-Sharif, kisha kusini Kandahar, kwenye huduma ya afya na ya watoto, halafu nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Likizo ya kazini ya mtu wa kawaida inatosha kabisa kwa safari kama hiyo, na hilo ni sehemu ya tatizo, nitalirudia.

Tarehe 19 Julai walikuwa ndani ya basi la kukodi kwenye barabara kuu ya Kabul kwenda Kandahar. Ni barabara ya kilomita karibu 480, iliyojengwa upya kwa fedha za Marekani na kuzinduliwa Desemba 2003 kwa mbwembwe, kama ushahidi kwamba nchi imesimama tena. Miaka minne baadaye watu waliokuwa na uwezo wa kuikwepa walikuwa wakiikwepa. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, dereva aliwapakia wanaume wawili wenyeji njiani, na hao ndio waliofyatua risasi ili basi lisimame. Ilikuwa wilaya ya Qarabagh, mkoa wa Ghazni. Polisi wa mkoa walisema hawakuwa wameambiwa kwamba wageni wangepita pale.

Kilichofuata kilichukua siku 42. Watekaji walikuwa Taliban, wapiganaji waliokuwa wakipigana na serikali ya Kabul. Mateka waligawanywa katika vikundi vidogo na kuhamishwahamishwa usiku kutoka nyumba hadi nyumba za vijijini, mara kwa pikipiki, mara kwa miguu. Tarehe 25 Julai Mchungaji Bae aliuawa kwa risasi. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 42. Siku chache baadaye, Julai ikielekea ukingoni, aliuawa Shim Seong-min, kijana wa miaka 29, na mwili wake ukaachwa kando ya barabara. Tarehe 13 Agosti wanawake wawili waliokuwa wagonjwa waliachiwa; iliripotiwa kwamba mateka mwingine alipewa nafasi ya kutoka siku hiyo, akamwachia mwenzake. Waliobaki 19 waliachiwa kwa mafungu tarehe 29 na 30 Agosti.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu uchambuzi wa kisa hauanzii kwenye mtutu wa bunduki.

Anayeshangaa kwa nini kanisa la Korea lipeleke vijana Afghanistan katikati ya vita, na atazame Korea yenyewe ilikotoka. Mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kuishi nchini humo, Horace Allen, alifika 1884 akiwa daktari, na hospitali ilitangulia mahubiri. Mwaka uliofuata wakaja wengine, wakaanzisha shule. Ndani ya karne moja nchi iliyokuwa ikipokea wageni ikawa na makanisa makubwa kuliko yale yaliyoileta injili, na waumini wengi wanaitazama historia hiyo kama deni: tulifikiwa, nasi twende. Mlango wa kulilipa ulifunguka 1989, serikali ilipowaachia raia wote kusafiri nje kwa uhuru. Kufikia 2007 Korea Kusini ilikuwa ikihesabiwa ya pili baada ya Marekani kwa idadi ya wamisionari walio nje. Kwa hiyo kijana wa Saemmul aliyejiandikisha kwenda Afghanistan hakuwa akifanya jambo la ajabu mbele ya marafiki zake. Alikuwa akifanya linalofanywa.

Nalisisitiza hili kwa sababu jambo la kawaida ndilo gumu kulisimamisha. La ajabu watu watalijadili usiku kucha. La kawaida hupitishwa kwenye kikao pamoja na bajeti ya maua.

Dalili zilikuwapo, na wala hazikuhitaji jicho la kijasusi. Agosti 2006 Wakristo wa Kikorea zaidi ya elfu moja walifika Afghanistan kwa ajili ya tamasha la amani huko Kabul. Serikali ya Afghanistan ikalifuta na kuwarudisha makwao, kwa hofu ya usalama wao na kwa hasira ya wenyeji walioona ni uinjilisti uliovalishwa nguo nyingine. Februari 2007 askari wa Kikorea aliuawa kwa bomu la kujitoa mhanga kwenye lango la kambi ya Bagram. Lakini dalili kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Machi 2007. Mwandishi wa habari wa Italia alitekwa na Taliban kusini, na serikali ya Rais Hamid Karzai ikamkomboa kwa kuwaachia wafungwa watano wa Taliban. Dereva wake Mwafghani alikuwa ameshachinjwa; mkalimani wake, Mwafghani pia, alichinjwa baadaye. Karzai alilaumiwa kila upande, akatangaza kwamba mabadilishano ya namna ile hayatarudiwa.

Tazama hali iliyokuwapo Julai. Taliban walikuwa wamejifunza kwamba mgeni mmoja ana thamani ya wafungwa watano. Serikali ya Kabul ilikuwa imeapa kutolipa tena. Aliyetekwa baada ya hapo alikuwa anaingia kati ya mnunuzi aliyefunga pochi na muuzaji aliyekwisha kuonja faida. Serikali ya Korea iliiona hatari hiyo mapema na kuwaonya raia wake kuhusu utekaji wa aina hii hasa. Ndiyo maana ya lile bango.

Halafu kuna tarehe 18 Julai. Siku moja tu kabla ya basi la Saemmul kusimamishwa, wahandisi wawili Wajerumani walitekwa pamoja na wenzao Waafghani katika mkoa wa Wardak. Ukitoka Kabul kwa barabara ile, unapita Wardak kabla hujafika Ghazni. Mmoja wa Wajerumani hao alikufa siku chache baadaye mikononi mwa watekaji, mwingine aliachiwa Oktoba. Barabara ni moja, wiki ni moja.

Wanakamati wengi huishia hapa: basi, wangesoma magazeti. Lakini kusoma si kazi ngumu. Swali langu ni la kiofisi zaidi, na ninajua linachosha: habari kama ile ikifika saa kumi na mbili asubuhi, mizigo imeshapakiwa, dereva amewasha gari, nani kati ya watu 23 mwenye mamlaka ya kusema "hatupandi"? Mchungaji ndiye kiongozi, lakini yeye ndiye aliyewahamasisha wote waje. Wenyeji wao wa Kikorea wanaijua nchi, lakini wamepokea wageni na aibu ya kumvunjia mgeni safari ni aibu kweli. Kanisa la nyumbani liko mbali, saa za huko zimepishana na zao, na jana limepokea ujumbe kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Vijana wenyewe? Mdogo wa kundi hasimami mbele ya mchungaji wake akamwambia anaogopa. Anaogopa kuonekana ana imani haba kuliko anavyoogopa barabara.

Hili nimeliona kwa macho yangu, kwenye kikao cha nchi nyingine na kanisa jingine, ambalo silitaji. Tulikuwa tumekaa kupanga safari ya vijana kwenda nchi jirani yenye machafuko mpakani. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akauliza kwa sauti ya chini: wakifika mpakani wakakuta pamechafuka, nani atapiga simu ya kuwarudisha? Kukawa kimya. Fulana zilikuwa mezani, za rangi ya chungwa, zimekunjwa katika marundo kwa ukubwa wake. Mwenyekiti akasema, "Swali zuri sana, mama. Tuliombee." Tukasimama, tukaomba, na sala ikafunga kikao. Swali halikujibiwa mpaka leo. Safari ilikwenda na kurudi salama, na usalama ule ndio ulionisumbua zaidi, kwa sababu mwaka uliofuata ulitumika kama jibu.

Sala kama njia ya kufunga mjadala ni kitu ambacho sisi watu wa kanisa tunakijua vizuri na hatukisemi. Sisemi Saemmul walifanya hivyo. Nasema ukiwa kwenye kamati, jitazame mkono wako unapoanza kukunja vidole.

Sasa nije kwenye wasia.

Baada ya utekaji, vyombo vya habari vya Korea viliripoti kwamba baadhi yao walikuwa wameandika wasia kabla ya kuondoka. Umma uligawanyika. Wengine waliona ni ushujaa, wengine waliona ni kiburi: mtu anajua anakwenda kufa na bado anakwenda. Mimi naliona jambo la tatu, na ndilo hasa linalonifanya niandike.

Wasia ni waraka wa mtu mmoja. Unagawa vyako. Anayeandika wasia kabla ya safari anasema kwa nafsi yake: hatari nimeiona, nimeipima, gharama yake ni maisha yangu, na maisha yangu nayatoa mwenyewe. Ni hesabu ya kiume sana, yenye heshima yake, na ina kosa moja. Inadhani hatari ni mali ya anayeikubali.

Hebu tuwahesabu watu ambao hawakuandika wasia wowote.

Tuanze na serikali. Dai la kwanza la watekaji lilikuwa Korea iwaondoe askari wake, karibu 200, wengi wao matabibu na wahandisi. Kisha likaja dai la wafungwa, idadi kwa idadi: 23 kwa 23, baadaye wakashuka hadi 8. Hapo ndipo ukatili wa mambo ulipo, kwa sababu Seoul haikuwa na mfungwa hata mmoja wa kutoa. Wafungwa walikuwa wa Kabul, na Kabul, baada ya fedheha ya Machi, ilikataa. Rais wa nchi moja alikuwa anaomba kitu ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa rais wa nchi nyingine, na nyuma ya rais huyo wamesimama Wamarekani ambao nao hawakutaka. Ukiziweka tarehe za vifo viwili vile kandokando na muda wa mwisho uliokuwa ukitangazwa na kusogezwa, utaona kwamba watu walikufa ndani ya pengo hilo.

Mwishowe Seoul ilifanya ambalo serikali hupenda kusema hazilifanyi: ilikaa uso kwa uso na Taliban. Kuanzia tarehe 10 Agosti wajumbe wa pande mbili walikutana mjini Ghazni, kwenye ofisi ya Hilali Nyekundu, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikiwa mwezeshaji. Mwishoni mwa Agosti, mbele ya wajumbe wa Indonesia walioaminika na pande zote kwa kuwa ni nchi ya Waislamu, makubaliano yakatangazwa. Korea ingeondoa askari wake kabla ya mwaka kwisha, jambo ambalo ilikuwa imeshalipanga. Ingewaondoa wafanyakazi wake wa misaada. Na ingezuia wamisionari wake kwenda Afghanistan. Tetesi za fedha za fidia zilivuma na hazijaacha kuvuma, Seoul ilizikana.

Soma tena masharti hayo ukiwa umevaa viatu vya Mkorea mwingine, wa aina ambayo haionekani kwenye picha yoyote: aliyeishi Afghanistan kwa miaka, anayejua lugha, anayetibu au kufundisha bila kelele, ambaye angekwambia mapema kwamba basi la wageni kwenye barabara ile ni wazimu. Huyo alipewa siku chache afungashe. Kazi ya miaka ya mtu huyo iliuzwa ili kufidia siku kumi za wengine, na aliyeiuza alikuwa sahihi kuiuza, kwa sababu upande wa pili wa mizani walikuwapo watu 19 wenye pumzi. Ndiyo maana naiita hesabu ya wasia hesabu yenye kosa. Kuna watu waliolipa bila kuulizwa.

Halafu Waafghani. Mara tu mateka walipoachiwa, msemaji wa Taliban alisema wazi kwamba njia hii imefanikiwa na wataendelea nayo kwa wageni wengine. Waziri wa biashara wa Afghanistan alilalamika kwamba makubaliano yale yataizidishia nchi yake shida. Na usisahau wale wawili wa Machi, dereva na mkalimani: mgeni anapokombolewa, wenyeji waliomhudumia mara nyingi hawana wa kuwakomboa. Kila ninaposoma mpango wa safari ya misheni, natafuta jina la dereva. Mara nyingi pameandikwa "usafiri wa ndani" na kiasi cha fedha.

Nyumbani Korea hasira ilikuwa kali kuliko wageni tulivyotarajia. Tungedhani taifa lingelia na mateka wake, na lililia, lakini kwenye intaneti yaliandikwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Picha ya Incheon ndiyo iliyochochea moto. Watu waliona wale waliocheka kando ya onyo sasa wanaililia serikali iwaokoe. Nilipoisoma hasira ile mara ya kwanza niliiona ya kikatili, na bado naiona hivyo, maana mtu akiwa chini ya bunduki si wakati wa kumkumbusha bango. Ila chini ya ukatili kulikuwa na hoja halali: mlisema ni yenu, kumbe ilikuwa yetu sote.

Kanisa lilijitetea kwamba vijana walikwenda kutoa huduma, si kuhubiri. Mjadala huo uliteka kurasa nyingi, na kwangu haukuwa na uzito uliopewa. Aliyewasimamisha barabarani hakuuliza kama ni wauguzi au wainjilisti. Aliona sura za kigeni dirishani. Mahali pekee ambapo tofauti hiyo ina maana ni kwa wenyeji, ambao baada ya tamasha la 2006 walikuwa wamekwisha kuamua kwamba kila Mkorea anayebeba dawa amebeba na Biblia. Kikundi cha 2007 kilirithi sifa ambayo hakikuitengeneza. Hilo nalo halimo kwenye fomu zetu: nani wa kwetu alitangulia huko, na aliacha nini nyuma?

Waliookoka walitua Incheon tarehe 2 Septemba 2007, uwanja uleule. Waliinamisha vichwa mbele ya kamera na kuomba radhi kwa taifa. Baadaye baadhi walieleza vipigo walivyopata. Mchungaji mkuu wa kanisa, Park Eun-jo, alitaka kujiuzulu. Serikali ilidai kurudishiwa sehemu ya gharama. Na kabla hata hawajarudi, mwezi huohuo wa Agosti, ilikuwa imeipiga Afghanistan marufuku kwa raia wake, pamoja na Iraq na Somalia: kwenda bila kibali likawa kosa la jinai. Bango lililokuwa likisihi likageuka sheria.

Wengi huona hapo ndipo tatizo lilipotatuliwa. Mimi nina mashaka. Mwaka 2007 sheria ya pasipoti ilifunga nchi tatu. Haimpi mtu yeyote ndani ya kanisa mamlaka ya kusema hapana kuhusu nchi ya nne. Tena inatufundisha vibaya: kila pasipokatazwa tunasoma kana kwamba pameruhusiwa.

Nikiulizwa kama safari ile ingeweza kuokolewa, najibu kwamba sehemu za kuiokoa zilikuwa nyingi na zote zilikuwa ndogo. Ile ya mwanzo kabisa ndiyo niliyoahidi kuirudia: urefu wake. Siku kumi zinakulazimisha kusafiri kwa barabara leo, hata kama leo ni mbaya, kwa sababu kesho imeshapangiwa kitu. Mkazi wa Kabul angeahirisha kwenda Kandahar wiki mbili bila kupoteza chochote. Mwenye tiketi ya kurudi tarehe 23 hana wiki mbili. Safari fupi inaonekana salama kwa sababu ni fupi, kumbe ufupi ndio unaoiondolea breki.

Siku hizi kamati inaponiita naomba mambo mawili, na kwa kawaida la kwanza linapita bila shida: mtu mmoja asiyesafiri, asiye mchungaji wa vijana, anayeishi katika nchi wanayokwenda au aliyewahi kuishi huko, apewe kwa maandishi haki ya kuivunja safari siku yoyote, hata wakiwa njiani, bila kujieleza kwa kamati kwanza. La pili huwa linawaudhi. Naomba wazazi, wenyeji wanaopokea, na mtu atakayewaendesha waulizwe kila mmoja peke yake, mchungaji akiwa hayupo chumbani, kama wanakubali. Mwenyekiti mmoja aliniambia, "Ukimwuliza kila mtu, hatutakwenda popote." Nilimjibu kwamba inawezekana. Hajaniita tena.

Mwili wa Mchungaji Bae ulirudishwa Korea mwishoni mwa Julai, wenzake wakiwa bado mikononi mwa watekaji. Familia yake ilikataa kufanya mazishi. Walisema watasubiri mpaka wale aliowachukua warudi wote waliobaki. Wakasubiri Agosti nzima.